Kumpumzisha Mzee Kunamchosha

Katika nyumba nyingi za kwetu, mzazi akishakula chumvi nyingi watoto humvua kazi moja baada ya nyingine. Jembe ndilo la kwanza kuondoka, ndoo ya maji ikafuata, kisha ufagio, mwishowe hata chai analetewa pale pale alipokaa tangu asubuhi. Nia ni njema, na hakuna mwenye haki ya kuibeza. Mama wa miaka 75 akionekana anachota maji huku bintiye yuko ndani, majirani hawatasema mama ana nguvu, watasema binti hana adabu. Ndivyo kupumzika kulivyogeuka kipimo cha mapenzi: kadiri mzee asivyonyanyuka kitini, ndivyo wanawe wanavyohesabiwa kuwa wamemtunza. Mazungumzo ya leo yanapinga kipimo hicho. Nitasema, na nitatoa ushahidi, kwamba sehemu kubwa ya udhaifu tunaoulaumu uzee hutokana na misuli iliyokosa kazi, na kwamba misuli hiyo ina uwezo wa kuzalisha nguvu ambao mwili wa mzee bado unaweza kuujenga upya, hata baada ya miaka 80, hata baada ya 90, mradi unadaiwa.

Tuanzie ndani ya msuli wenyewe. Seli za msuli zimejaa viungo vidogo sana viitwavyo mitokondria. Chakula kikishasagwa tumboni na kuingia kwenye damu, na oksijeni ikishavutwa mapafuni, safari ya vyote viwili huishia humo. Mitokondria ina tando mbili, na ule wa ndani umejikunja mikunjo mingi ili upate nafasi kubwa ya kufanyia kazi. Kwa nguvu inayotokana na chakula, utando huo husukuma chembe za hidrojeni zenye chaji upande mmoja hadi zinajazana, kama maji yanavyojaa nyuma ya ukuta wa bwawa la Kidatu, na njia yao ya kurudi ni mtambo mdogo wa protini ambao huzunguka kweli kweli chembe zinapopita. Mzunguko huo ndio unaotengeneza ATP, kemikali ambayo bila hiyo hakuna msuli unaokaza wala kulegea. Mwingereza Peter Mitchell alipolieleza jambo la chembe hizi mwaka 1961, wenzake wengi hawakulikubali. Mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa hilo hilo. Akiba ya ATP iliyomo msulini haitoshi zaidi ya sekunde chache za kazi nzito, kwa hiyo mwili huitengeneza na kuitumia bila kukoma, kiasi kwamba kwa siku moja mtu hupitisha ATP yenye uzito unaokaribia uzito wake mwenyewe. Msuli wenye mitokondria chache, au zilizochoka, huishiwa mapema. Mwenye msuli huo hupanda kilima cha kwenda kanisani akisimama mara tatu, na wajukuu wakidhani anaangalia mandhari.

Kwamba uwezo huu hupungua na umri si jambo la kubishania. Mwaka 2005 watafiti wa Mayo Clinic huko Minnesota, Marekani, wakiongozwa na Sreekumaran Nair, walichapisha vipimo vya watu 146 wenye afya njema, wa miaka 18 hadi 89. Uwezo wa mitokondria za misuli yao kutengeneza ATP ulikuwa chini kwa takriban asilimia 8 kwa kila miaka kumi ya umri. Utafiti mwingine wa Marekani, unaojulikana kwa kifupi kama SOMMA, uliandikisha watu 879 wa miaka 70 na zaidi na kuwapima kwa undani zaidi. Mtu hutiwa ganzi pajani, sindano nene huchota kipande kidogo cha nyama ya msuli, nyuzi zake hutenganishwa na kuwekwa kwenye chombo maalumu, na mtaalamu hutazama zinavyokula oksijeni. Kisha mtu huyo huyo hulala ndani ya mashine ya MRI, hupiga teke mara kadhaa, na mashine hupima ni kwa kasi gani msuli unarudisha nguvu iliyotumika. Wazee ambao mitokondria zao zilizalisha vizuri ndio waliotembea kwa kasi zaidi. Lakini hapa msikilizaji makini atauliza swali la haki: je, wanatembea vizuri kwa sababu mitokondria zao ni nzuri, au mitokondria zao ni nzuri kwa sababu wanatembea? Kupima peke yake hakuwezi kujibu. Majaribio ndiyo yanayojibu.

Jibu lilianza kwa panya. Mwaka 1967 John Holloszy, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, aliwakimbiza panya kwenye mkanda unaozunguka kwa wiki kadhaa, akakuta vimeng'enya vya mitokondria katika misuli yao vimeongezeka karibu maradufu. Hadi hapo wengi walidhani mazoezi hujenga moyo na mapafu tu, msuli ukibaki mpokeaji. Holloszy alionyesha kwamba msuli unaodaiwa kazi hujiongezea mitokondria. Nusu karne baadaye, mwaka 2017, Nair na wenzake walilipeleka swali hilo kwa binadamu wa rika mbili: vijana, na watu wa miaka 65 hadi 80. Kwa wiki 12 sehemu yao walifanya mazoezi ya baiskeli ya nguvu nyingi kwa vipindi vifupi, wakipumzika katikati. Uwezo wa mitokondria ulipanda kwa asilimia 49 kwa vijana. Kwa wazee ulipanda kwa asilimia 69. Naomba takwimu hiyo ikae kichwani kidogo. Rika lile tulilodhani mwili wake umefunga duka ndilo lililopata zaidi, pengine kwa sababu ndilo lililokuwa na pengo kubwa zaidi la kuziba.

Hata hivyo, jaribio ambalo kwangu lina uzito kuliko yote ni la zamani kidogo na la watu wachache. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone alichapisha taarifa ya wakazi 10 wa makao ya wazee mjini Boston, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, wenye maradhi ya kudumu, baadhi yao wakitembelea mikongojo. Siku tatu kwa wiki, kwa wiki nane, waliketi kwenye mashine na kunyanyua uzito kwa miguu. Haukuwa uzito wa kubembelezana: ulipangwa ufikie asilimia 80 ya kile ambacho kila mmoja angeweza kunyanyua kwa nguvu zake zote, na ukaongezwa kadiri walivyoimarika. Mmoja hakumaliza. Kwa tisa waliomaliza, nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya walivyoanza. Wawili waliacha mikongojo. Kati ya watatu waliokuwa hawawezi kunyanyuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, mmoja aliweza. Kisha mazoezi yalisimamishwa, na ndani ya wiki nne tu nguvu zilishuka kwa asilimia 32. Ni kweli kwamba watu kumi ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Fiatarone alijua hivyo, akarudia mwaka 1994 kwa watu 100 wenye wastani wa miaka 87, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Waliofanya mazoezi kwa wiki 10 waliongeza nguvu kwa asilimia 113. Wasiofanya, asilimia 3.

Ni lazima niseme wazi kwamba mitokondria peke yake haielezi hayo yote. Katika jaribio la mwaka 1990 nyama ya paja ilikua kwa asilimia 9 tu huku nguvu zikikaribia mara tatu, maana yake mishipa ya fahamu nayo ilijifunza upya kuamsha nyuzi zilizokuwa zimelala. Msuli, mishipa ya fahamu, moyo na mizani ya mwili huenda pamoja. Na uzee wenyewe upo: hata mwanariadha asiyeacha kukimbia, miaka ikienda kasi yake hupungua. Sidai kwamba mzee atarudi kuwa kijana. Ninachodai ni kwamba kuna mteremko wa umri na kuna mteremko wa kukaa, na huu wa pili tunauongeza sisi kwa mikono yetu.

Pingamizi la kwanza ni la hofu, nalo ni zito: mzee akihangaishwa ataanguka, presha itapanda, tutajutia. Marekani walilijaribu hili kwa upana. Utafiti ulioitwa LIFE, uliochapishwa mwaka 2014, uliwachukua watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, wote wakiwa watu wa kukaa. Nusu walipewa masomo ya afya. Nusu nyingine walitembea, wakafanya mazoezi ya miguu kwa vizito na ya kutoyumba. Kipimo kilikuwa cha kawaida kabisa: je, mtu huyu anaweza kutembea mita 400 ndani ya dakika 15 bila kuketi na bila kushikwa? Baada ya miaka 2.6 kwa wastani, waliokuwa wameshindwa angalau mara moja walikuwa asilimia 30.1 upande wa mazoezi na 35.5 upande wa masomo. Walioshindwa na hali hiyo ikaendelea walikuwa asilimia 14.7 dhidi ya 19.8. Si tofauti ya muujiza, lakini kwa jambo kama kupoteza miguu yako, watu watano katika kila mia ni wengi. Matatizo makubwa ya kiafya yaliripotiwa zaidi kidogo upande wa mazoezi, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika, na ambayo huenda ilitokana na kuonana na watafiti mara nyingi zaidi. Mwenye maumivu ya kifua, mwenye kuvimba miguu, mwenye kukosa pumzi akilala chali, huyo aanzie kwa daktari. Waliobaki wana hatari kubwa zaidi wakiachwa kitini, kwa sababu miguu isiyo na nguvu ndiyo inayoangusha.

Pingamizi la pili nalisikia zaidi kwetu, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Husemwa: hao ni Wamarekani, watu wa gari na runinga, wazee wetu wamelima, wamebeba kuni, wametembea kwa miguu miaka 60, wameshafanya mazoezi ya kutosha. Shida ni kwamba msuli hauna kumbukumbu ya fadhila. Asilimia 32 iliyopotea Boston kwa wiki nne ilipotea bila kuuliza mtu huyo alifanya nini ujanani. Mitokondria huvunjwa na kuundwa kila siku kulingana na kazi ya sasa, na miaka 60 ya jembe haizuii miezi sita ya sofa. Na tunao ushahidi wa hapa hapa Tanzania. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi wamefuatiliwa na watafiti, akiwemo David Raichlen, kwa kuwavalisha vifaa vya kupima mwendo. Ilionekana kwamba hutumia zaidi ya saa 2 kwa siku katika shughuli za wastani hadi nzito, na umri mkubwa hauwaondoi katika shughuli hizo kwa namna tuliyoizoea mijini. Lakini lililonivutia zaidi lilichapishwa mwaka 2020: watu hao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda usiopishana sana na wa watu wa miji ya Ulaya na Marekani. Tofauti iko kwenye namna ya kupumzika. Sehemu ya muda huo huchuchumaa au kupiga magoti, na vipimo vya misuli vilionyesha kwamba miguu ya anayechuchumaa inafanya kazi kuliko ya aliyeketi kitini.

Sisi wengine tulikuwa na kigoda na mkeka. Anayekaa mkekani hunyanyuka kutoka sakafuni kila akiitwa, na kunyanyuka huko ni mzigo wa mwili mzima juu ya mapaja. Choo cha shimo kinadai vivyo hivyo. Swala inadai rukuu na sujudu mara nyingi kwa siku, na ingawa dini inamruhusu asiyeweza kuswali akiwa ameketi, yule ambaye bado anaweza ana sababu nyingine ya kutokimbilia kiti. Sofa laini la kuzama, tulilonunua kwa ajili ya kumtukuza baba, limemwondolea kunyanyuka huko kote kwa mkupuo mmoja.

Nisieleweke kwamba nawatetea wanaowatumikisha wazee. Kuna bibi wa miaka 78 anayelea wajukuu wanne na kubeba ndoo ya lita 20 kichwani kwa sababu hakuna mwingine wa kuibeba, magoti yakiwa yamesagika. Huyo anahitaji maji yamfikie karibu, na hotuba juu ya mazoezi kwake ni dhuluma. Mzigo unaojenga huchaguliwa, hupimwa na hupishana na siku za kupumzika. Taabu isiyo na mapumziko na isiyo na chakula huvunja. Na chakula chenyewe kina sehemu yake. Wataalamu wa lishe ya uzeeni wanapendekeza protini gramu 1 hadi 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili, isipokuwa kwa mgonjwa wa figo ambaye ana maelekezo yake. Mzee anayeshinda na chai na kipande cha mkate, kisha ugali na mchuzi mwepesi, hafiki hapo. Maharage, kunde, dagaa, mayai na maziwa ndivyo vinavyomfikisha. Lakini jaribio la mwaka 1994 lilipima na hili pia: wale waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakuongeza nguvu.

Basi je, dawa? Wanaouza vidonge vya kuamsha mitokondria wameongezeka, na msikilizaji ataviona kwenye simu yake kabla sijamaliza kuzungumza. Kimoja kilichopimwa kwa uaminifu ni urolithini A, kitu ambacho bakteria wa utumboni hukitengeneza kutokana na komamanga na matunda mengine machache. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya watu 66 wa miaka 65 hadi 90 waliokitumia, au kutumia kidonge kisicho na kitu, kwa miezi minne. Misuli ya mkono na mguu ilivumilia kazi kwa muda mrefu zaidi, na hilo si dogo. Ila umbali wa kutembea kwa dakika 6, na uwezo wa juu wa kutengeneza ATP, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vipimo vikuu, havikuwazidi waliopewa kidonge kisicho na kitu kwa kiwango cha kuthibitika. Kwa vitamini C na E za dozi kubwa hali ni ya kutahadharisha zaidi: mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani waliwapa vijana wanaofanya mazoezi, na sehemu ya faida ya mazoezi ikazimika, hasa namna mwili unavyoitikia insulini. Inaelekea zile kemikali ambazo vitamini hizo huzizima ndizo zinazouarifu msuli kwamba unahitaji kuimarika. Hakuna kidonge ninachoweza kumshauri mtu akinunue leo badala ya kusimama.

Na kusimama kunapimika bila gharama. Chukua kiti kigumu cha kawaida, kiegemeze ukutani, mzee akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara 5. Wataalamu wa Ulaya wa maradhi ya misuli huhesabu zaidi ya sekunde 15 kuwa dalili ya udhaifu. Vivyo hivyo mtu anayetumia zaidi ya sekunde 5 kutembea mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Kwenye dirisha la wazee hospitalini mzee hupimwa presha, pengine na sukari. Kumwomba asimame kitini mara 5 huchukua muda mfupi kuliko kufunga kile kitambaa cha presha mkononi. Aliyechelewa anaanza na zoezi lile lile: mara chache, siku tatu kwa wiki, mtu akiwa karibu, kisha kwa kiti kifupi zaidi, kisha akiwa ameshika mfuko wa kilo moja ya mchele, kisha kilo mbili. Kuongeza ndiko kunakosahaulika. Ushauri wetu wa kawaida, wa kutembeatembea kidogo uani, huacha msuli pale pale ulipo.

Mahali pa haraka kabisa pa kupoteza yote haya ni kitandani. Mwaka 2007 watafiti wa Arkansas, Marekani, waliwalaza watu wenye afya, wa wastani wa miaka 67, kwa siku 10 tu. Miguu yao ilipoteza karibu kilo 1 ya nyama, na nguvu za goti zikashuka kwa takriban asilimia 15, nao hawakuwa wagonjwa wa chochote. Mzee anayelazwa kwa nimonia au malaria huingia wodini na homa, hula kidogo, halafu ndugu wanaokuja saa ya kuona wagonjwa humzuia hata kuketi, wakimwambia baba tulia, sisi tupo. Akitoka baada ya wiki mbili hawezi kwenda chooni mwenyewe, na familia inaamini maradhi ndiyo yaliyommaliza. Swali la kumuuliza muuguzi, tangu siku ile homa inaposhuka, ni kama mgonjwa anaruhusiwa kula akiwa ameketi kitini, na kama anaweza kusindikizwa hadi mlangoni na kurudi, asubuhi na jioni. Kama jibu ni ndiyo, ndugu wawili wakija na uji, mmoja aushike uji, na mwingine amshike mzee mkono anyanyuke.